Kahawa ya Viungo ya Pakiti Ikipimwa na Kahawa ya Kuchanganya Mwenyewe

Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa siku hizi haikosekani pakiti ya kahawa iliyosagwa pamoja na viungo, yaani kahawa, tangawizi, iliki, mdalasini na karafuu ndani ya mfuko mmoja, pamoja na maelezo mgongoni yanayomtaka mnunuzi achote kijiko, aongeze maji ya moto na anywe. Nimenunua pakiti za namna hiyo kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, nami sitawataja kwa majina, kwa sababu kasoro ninayotaka kuieleza si ya mmoja wao bali imo katika wazo lenyewe la kusaga vitu vyote hivyo kuwa unga mmoja. Nilizipika kwa sufuria, kwa dele, yaani birika la kahawa la pwani, na kwa kumiminia maji ya moto moja kwa moja kikombeni, na kando yake nikapika kahawa niliyoichanganya mwenyewe kwa viungo vya sokoni.

Kipimo changu ni kahawa ya barazani. Mtu aliyekulia pwani, awe wa Lamu, wa Tanga au wa Unguja, akikuambia twende tukanywe kahawa hakusudii kahawa ya kuyeyusha. Anakusudia kahawa chungu, nyeusi, isiyotiwa sukari, inayomiminwa kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa na kutiwa katika kikombe kidogo kisicho na mkono, ambacho humalizwa kwa mafunda machache. Utamu hutoka pembeni, kwa kashata ya karanga au ya nazi, kwa tende, au kwa kipande cha halua. Katika vijiwe kama Jaws Corner pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kahawa huenda pamoja na siasa na mpira, viungo hutiwa kwa kiasi. Mara nyingi ni tangawizi peke yake, pengine na iliki kidogo, na wako wauzaji wasiotia chochote na hakuna anayewalalamikia.

Ng'ambo ya bahari, huko Oman, mambo ni tofauti: buni hukaangwa kidogo tu, kinywaji hutoka na rangi ya dhahabu, na iliki ndiyo inayoongoza. Utamaduni huo wa kahawa ya Kiarabu uliingizwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa jina la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu. Sisi wa huku tumebaki na dele, vikombe vidogo na tende, ila kahawa tumeikaanga hadi ikawa nyeusi na tukaipa tangawizi cheo ambacho kule iliki ndiyo inayokishika. Ninayaeleza haya kwa sababu pakiti nyingi hujinadi kuwa ni kahawa ya Waswahili, ilhali ladha yake si ya Unguja wala ya Maskati. Ni ladha ya masala ya chai iliyotiwa rangi ya kahawa.

Pakiti inapofunguliwa mara ya kwanza, harufu yake haina lawama, na nadhani hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoaminishwa. Lakini ukiivuta harufu hiyo kwa utulivu utagundua kwamba ni ya karafuu na mdalasini, na kahawa yenyewe iko mbali. Katika mchanganyiko wa unga karafuu haina adabu: mafuta yake ni makali na hukaa muda mrefu, kwa hiyo kadiri pakiti inavyokaa rafuni ndivyo karafuu inavyozidi kutawala huku harufu ya kahawa, ambayo huanza kupotea mara tu baada ya kusagwa, ikizidi kufifia. Tarehe ya mwisho ya kutumika iliyopigwa chini ya mfuko hukuambia tu kwamba unga huo bado ni salama, na pakiti nilizonunua hazikuonyesha tarehe ambayo kahawa ilikaangwa. Kwa bidhaa ambayo thamani yake yote ni harufu, huo ni upungufu mkubwa.

Lebo nazo zinahitaji macho makali. Kanuni ya kawaida ya vyakula vya pakiti ni kutaja viambato kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na mnunuzi anaweza kuitumia kanuni hiyo kujua kama analipia kahawa au analipia tangawizi ya unga. Pakiti mojawapo iliandika neno "viungo" peke yake, bila kusema ni vipi. Nyingine ilitaja ladha ya kutengenezwa kiwandani, jambo linaloshangaza katika nchi ambayo karafuu na iliki hazihitaji kuigizwa. Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), au ya ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar) kwa bidhaa za Zanzibar, ni ya lazima kuitafuta, ingawa alama hizo zinahusu usalama na viwango na hazimwambii mtu kama atafurahia anachokunywa.

Kasoro kuu, hata hivyo, ni ya muda. Viungo na kahawa havitoi ladha kwa wakati mmoja. Tangawizi, kijiti cha mdalasini na karafuu nzima vinataka maji yanayochemka kwa dakika kumi hivi ndipo vilainike na kuachia kilicho ndani. Kahawa iliyosagwa hutoa sehemu yake nzuri katika dakika chache, kwenye maji ya nyuzi joto kati ya 90 na 96, na ikichemshwa kwa nguvu baada ya hapo huanza kutoa uchungu mkavu unaokwama kooni. Iliki ina tabia yake ya tatu, kwa sababu harufu yake ni nyepesi na hupaa pamoja na mvuke, hivyo ikitiwa mapema inanukisha jiko zima na kikombe kinabaki bila kitu. Sasa chukua vyote vitano, visage viwe unga mmoja, uvitie majini kwa mara moja: muda wowote utakaouchagua utakuwa umekidhulumu kimojawapo.

Ndivyo ilivyotokea jikoni. Nilipofuata maelezo ya pakiti na kumimina maji ya moto kikombeni, kahawa ilitoka vizuri kiasi lakini tangawizi ilikuwa bado mbichi, yenye ladha ya vumbi, na unga wa mdalasini ukaelea juu kwa sababu hauyeyuki. Nilipochemsha kwa dakika kumi ndani ya sufuria, tangawizi ilikolea, ila kahawa ikawa kama imeungua, iliki haikusikika kabisa, na mdalasini ukafanya kinywaji kiwe na utelezi fulani. Utelezi huo hutokana na mdalasini wa unga unapokaa katika maji ya moto, nao ni mgumu kuuondoa kwa chujio la kawaida. Njia ya katikati, ya kuchemsha dakika tatu na kuacha itulie, ndiyo iliyotoa kikombe chenye nafuu, na atakayekuwa tayari ameshanunua pakiti ninamshauri aitumie hiyo.

Msomaji wa pwani anaweza kunipinga hapa kwa hoja nzuri, kwamba muuza kahawa naye huiacha kahawa jikoni tangu alasiri hadi usiku na bado wateja wanarudi. Ni kweli. Lakini kahawa yake imekaangwa sana na imetwangwa kwa chembe kubwa, si unga laini, kwa hiyo huachia uchungu wake polepole na mashapo huzama chini ya dele. Na makaa yaliyo chini yanaifanya ikae moto bila kutokota. Uchungu unaobaki ni ule unaotafutwa, na ndiyo maana kikombe ni kidogo na kashata iko pembeni. Pakiti zimesagwa laini kama unga wa ngano, tena kahawa yake mara nyingi imekaangwa kwa kiasi cha kati. Ukizichemsha kwa utaratibu wa muuza kahawa unapata uchungu ulio na uchachu, na kashata haisaidii.

Basi turudi kwenye kuchanganya mwenyewe, ambako gharama ya mwanzo inaonekana kubwa kwa kuwa unanunua vitu vitano badala ya kimoja, lakini viungo hivyo hukaa muda mrefu na kwa hesabu ya vikombe pakiti ndiyo inayotoka ghali. Kuhusu kahawa, Tanzania ina mbili za kuchagua: arabika inayotoka Kilimanjaro, Arusha, Mbeya na Mbinga, na robusta ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Kagera. Wapenzi wa kahawa tupu huisifu arabika, nami siwapingi, ila kwa kahawa ya viungo ninaipa robusta nafasi ya kwanza, au mchanganyiko ambao robusta haipungui nusu. Uzito na uchungu wake hauyumbi mbele ya tangawizi, wakati uchachu mwepesi wa arabika nzuri hugongana nayo na kupotea. Hata hivyo arabika iliyokaangwa sana inafaa, na kama ndiyo unayoipata karibu usihangaike. Huko Kagera, kwa njia, kahawa na mimea ya harufu zimejuana kwa muda mrefu bila msaada wa pwani: Wahaya huchemsha buni zake pamoja na majani yenye harufu, huzikausha, kisha hutafunwa, na mgeni hukaribishwa nazo.

Ukiweza nunua kahawa iliyokaangwa ambayo haijasagwa, kidogo kidogo. Ikiwa utainunua iliyosagwa, omba isagwe kwa chembe kubwa, kwa sababu ile laini imekusudiwa mashine za espreso na hapa itakuletea tope tu.

Viungo nilivinunua sokoni kwa wauzaji wanaopima kwa gramu, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kutumia vidole na pua. Iliki nzuri ina ganda la kijani lililofumba. Ile iliyopasuka au kugeuka rangi ya majani makavu imeshapoteza sehemu ya harufu yake, hata ikiwa inauzwa kwa bei ileile. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: iliyo hai huacha mafuta. Angalia pia kama vichwa vyake vimekamilika na kama haijachanganywa na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwani makonyo yana harufu ya karafuu lakini kikombe chake huwa kikavu na chenye ukakasi. Karafuu ya Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar, ikiwa ya mavuno ya karibuni haihitaji zaidi ya punje tatu kwa lita nzima. Mdalasini wa Zanzibar na wa Muheza ni maganda membamba yaliyojikunja tabaka juu ya tabaka, nao huvunjika kirahisi mkononi. Ule mnene, mgumu, wa tabaka moja, ni wa mti mwingine wa jamii hiyo, una ukali zaidi, na kwa mtu anayekunywa kila siku ni afadhali auepuke kwa kuwa una kumarini nyingi zaidi, kemikali ya asili inayoweza kudhuru ini ikizidi. Tangawizi ni ya hiari yako. Mbichi ina harufu ya uchangamfu, ilhali kavu ni kali zaidi mdomoni, na muwasho wake hubaki kooni baada ya kumeza, ambao ndio muwasho wa kijiweni hasa.

Kwa lita moja ya maji, inayotosha vikombe vidogo kumi na vitano au zaidi kidogo, natumia kipande cha tangawizi mbichi chenye urefu wa kidole gumba kilichopondwa, kijiti cha mdalasini cha sentimita tano, karafuu tatu, na pilipili manga nne kama wageni ni watu wazima wasioogopa. Navichemsha kwa moto wa wastani dakika kumi, sufuria ikiwa imefunikwa. Kisha napunguza moto hadi maji yaache kutokota, natia gramu 50 za kahawa, ambazo ni vijiko vikubwa vya kula vitano vilivyojaa vizuri, pamoja na iliki sita zilizotwangwa wakati huohuo. Nakoroga mara moja, nasubiri dakika tatu bila kuiacha ichemke tena, nazima, nafunika, na naiacha itulie dakika tano ili mashapo yazame. Kazi yote haizidi dakika ishirini na tano, na nyingi kati ya hizo ni za kungoja. Kikombe kinachopatikana kina tangawizi inayosikika mwanzoni, kahawa katikati, na iliki inayobaki puani baada ya kumeza; pakiti zote nilizopika hazikuweza kunipa mpangilio huo hata ya ghali kuliko zote.

Vyombo vina habari yake. Kinu na mchi ni bora kwa iliki na tangawizi kuliko blenda, mradi kinu hicho kisiwe kile kinachotwangiwa kitunguu saumu, maana mti hausahau. Kwa kahawa, blenda ndogo yenye kisu inafaa ukiibonyeza kwa vipindi vifupi na kuitikisa katikati. Ukiiacha izunguke mfululizo itaipasha kahawa joto na kutoa unga usiolingana, nusu vumbi nusu kokoto.

Dele nalipenda na bado sipendekezi kila nyumba ilinunue. Umbo lake lilibuniwa kwa ajili ya makaa: kitako kipana kinachohifadhi mashapo, shingo nyembamba inayozuia mvuke kutoka ovyo, na mdomo mrefu unaomwezesha mmiminaji kujaza kikombe kidogo bila kumwaga. Juu ya jiko la gesi huyumba, mkono wake huwaka, na miali ikipanda pembeni hulitia weusi usiotoka upesi. Jambo la kuangalia zaidi ni ndani. Dele la kupikia linapaswa kuwa limepakwa bati kwa ndani, kwa sababu kahawa ina asidi na haifai kukaa saa nyingi juu ya shaba tupu. Mengi yanayouzwa katika maduka ya watalii ni ya mapambo na hayakupakwa chochote, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo ukimuuliza. Ukinunua la kweli, likubali pamoja na kazi yake ya kusuguliwa kwa ndimu au ukwaju na majivu. Kwa matumizi ya kila siku sufuria yenye kifuniko inapika vizuri vilevile, chupa ya chai inahifadhi joto, na dele libaki kwa siku za Idi, khitma na wageni wa heshima, ambapo uzuri wake unahesabika.

Wapo wanaopenda kahawa ya viungo yenye maziwa, ingawa wazee wa kijiweni wataguna. Kwao utaratibu wa kuchemsha tangawizi kwanza si wa ladha peke yake: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na kuchemsha ndiko kunakokiua. Maziwa yakitiwa mwisho, baada ya viungo kuiva, hayakatiki. Wanaochemsha maziwa pamoja na tangawizi mbichi tangu mwanzo na kuona yameganda huwalaumu wauza maziwa bila sababu.

Je, pakiti hazina kazi? Zinayo, kwa mtu aliye ofisini mwenye birika la umeme na kikombe tu, kwa msafiri, na kwa ndugu aliye Ulaya au Marekani ambaye iliki nzuri kwake ni ghali na kinu hana. Kwa watu hao ningeipa pakiti ya wastani alama tatu kati ya tano, na ile iliyoandika "viungo" bila kuvitaja alama moja, ya harufu. Kwa mwenye jiko na nusu saa ya jioni sioni sababu ya kuinunua. Ikishafunguliwa ihamishiwe kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaobana, iwekwe mbali na jiko na mbali na jua, na iishe ndani ya wiki chache. Friji siyo mahali pake, kwa kuwa kahawa hunyonya unyevu na harufu za vyakula vingine.

Watengenezaji nao wana njia rahisi ya kuondokana na lawama hizi, wala haihitaji mashine mpya. Waweke kahawa ya chembe kubwa katika kifuko kimoja, tangawizi kavu, mdalasini na karafuu zilizovunjwavunjwa katika kifuko cha pili, na iliki nzima katika kifuko kidogo cha tatu, vyote ndani ya boksi moja lenye tarehe ya kukaangwa kahawa na maelezo ya kipi kitangulie majini. Boksi kama hilo ningelilipia zaidi ya bei ya pakiti za sasa, na ningemtumia shangazi yangu aliye ng'ambo bila kumwandikia barua ya maelekezo.